Mama wa Bangboka si roboti

Barua ya wazi kwa wahandisi wanaolinda milango ya tovuti. Nakala kwa ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, na mashirika ya simu ya Kongo

Bangboka, Kisangani, Jimbo la Tshopo



Meza yangu iko kando ya barabara ya uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji la Kisangani. Juu yake pana kompyuta moja ya mkononi, simu inayoipa intaneti, na daftari la mahesabu. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu: usajili wa chuo, maombi ya kazi, viza, udhamini wa masomo. Wateja wanakuja kwa miguu, kwa pikipiki, na kwa toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria. Ndege ikiruka tunanyamaza sote mpaka kelele zipungue, kisha tunarudi pale tulipokuwa: jina la baba, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka jana, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya udhamini mmoja wa ng'ambo, alinijia mama anayeuza kwanga (mkate wa muhogo) na samaki wa kukaushwa, pamoja na binti yake. Binti ana diploma ya serikali yenye alama nzuri. Vyeti vyake vilikuwa kwenye bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya katani, na kila karatasi mama aliifuta kwa kiganja kabla ya kunipa nipige picha. Fomu ilituchukua karibu saa mbili. Tulipofika chini kabisa kikatokea kisanduku kidogo: thibitisha kwamba wewe si roboti. Binti akakibonyeza. Zikaja picha tisa, na maandishi ya Kifaransa yakimwamuru achague zote zenye bomba la zimamoto.

“Papa, hii ni kitu gani?” akaniuliza.

Nikamweleza kwamba katika miji ya wenzetu kuna vibomba vifupi vya chuma vinavyosimama kando ya barabara, wazima moto hufunga mipira yao hapo. Akachagua kwa kubahatisha. Zikaja taa za kuongozea magari. Zikaja vivuko vya waenda kwa miguu, mabasi ya shule ya rangi ya njano, ngazi, mabomba tena. Kila picha ilifunguka polepole, kuanzia juu kwenda chini, ikila mega tulizozinunua kwa pesa ya kwanga. Kwenye duru ya saba ukurasa ukasema muda umekwisha. Fomu ikarudi tupu.

Tulianza upya. Mara ya pili hatukufika hata kwenye picha. Tuliandikiwa kwamba mtandao wetu umetuma maombi mengi yasiyo ya kawaida, tujaribu tena baadaye. Kwetu sisi baadaye ilikuwa kesho yake, na kesho yake dirisha la maombi lilikuwa limefungwa.

Mama akataka kujua wamesema nini. Nikamwambia: “Wamesema sisi ni mashine, Mama.” Hakujibu. Alirudisha vyeti kwenye bahasha, akaifunga kwa kamba ileile, akanilipa. Nilikataa kupokea. Aliiacha pesa juu ya daftari wakaondoka.

Barua hii naiandika kwenu nyinyi, siiandiki kwa taasisi ile ya udhamini. Wao walinunua kufuli wakaitundika mlangoni. Mafundi wa kufuli ni nyinyi.

Naomba mnielewe vizuri tangu mwanzo: siwaambii mvunje kufuli. Roboti za takataka nazijua, zimenitia hasara mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliwatengenezea wakulima wa mpunga na ndizi wa barabara ya Ituri ukurasa mmoja mdogo wenye fomu ya oda: jina lako, namba yako ya simu, unataka bidhaa gani, magunia mangapi. Wiki ya kwanza tulipata oda nne, zote za kweli. Wiki ya tatu nikaamka nikakuta mia kadhaa. Jina la mnunuzi lilikuwa herufi zilizovurugwa. Mahali pa kuandika magunia mangapi paliandikwa anwani ya tovuti ya kamari. Nyingine zilikuwa za Kirusi, nyingine zinauza dawa za kuongeza nguvu, na mpaka jioni zilikuwa zinaendelea kumiminika. Katikati ya uchafu huo ilizama oda ya mama mmoja wa mtaa wa Kabondo hapa Kisangani aliyetaka magunia sita ya mchele kwa ajili ya harusi. Niliikuta siku ya tisa. Harusi ilishapita.

Nilipowaeleza wakulima kwamba ni roboti, walinishangaa. Kwa Mkongomani neno hilo linaleta picha ya yale masanamu ya chuma ya Kinshasa, yaliyobuniwa na mhandisi Thérèse Izay, ambayo mwaka 2013 yalisimikwa njia panda yaongoze magari kwa mikono yenye taa. Hizi ninazosema hazina mwili. Ni programu inayozunguka dunia nzima usiku na mchana ikitafuta kisanduku chochote cha kuandikia, na ikikipata inakijaza. Haina chuki na wakulima wa Ituri na haijui mpunga ni nini. Inaacha viungo vya tovuti ya bwana wake kila inapoweza, ili mashine za kutafuta zidhani tovuti hiyo inatajwa na wengi na kuipandisha juu. Kutuma oda moja ya uongo au milioni ni gharama ileile, karibu na bure, na hapo ndipo ilipo nguvu yake yote.

Na uchafu huu una undugu wa zamani na meza kama yangu. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mke na mume, walirusha tangazo moja kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet kwa mkupuo mmoja. Ndilo tangazo linalokumbukwa kama mwanzo wa takataka za biashara kwenye intaneti. Walikuwa wakiuza nini? Msaada wa kujaza fomu za bahati nasibu ya kuhamia Marekani. Ni bahati nasibu ileile ambayo kwa miaka mingi imewapanga watu foleni mbele ya meza za Kisangani, na ambayo imewalisha matapeli wa barua pepe wanaomwambia mtu ameshinda, atume pesa. Kila anayekuja kwangu na barua ya namna hiyo namwambia kama ilivyoeleza serikali ya Marekani, mwenye bahati nasibu hiyo: hawatumi barua pepe kumjulisha mshindi, matokeo unayatafuta wewe kwa namba yako ya uthibitisho.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kulinda milango, tuko upande mmoja. Tunatofautiana juu ya nani alipe.

Fumbo lenu la picha mnaliita kapcha. Jina hilo lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Luis von Ahn, kijana kutoka Guatemala, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na wazo lake lilikuwa zuri kwa wakati wake: mpe mgeni kazi ambayo binadamu anaiweza na mashine haiwezi. Mwanzoni zilikuwa herufi zilizopindapinda. Mwaka 2007 yakaingia maneno ya vitabu na magazeti ya zamani, kila anayepita akisaidia kusoma neno ambalo kompyuta ilishindwa. Mwaka 2009 Google wakaununua mfumo huo, ulioitwa reCAPTCHA, na baadaye zikaja picha za barabarani. Barabara hizo mara nyingi ni za Marekani. Ndiyo maana binti aliyekulia Bangboka anatahiniwa juu ya mabomba na mabasi ya mji ambao hajauona, ili athibitishe kwamba ana akili ya mtu.

Hilo lingevumilika kama fumbo lingekuwa bado linazuia mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapa watu 1,400 mafumbo 14,000 ya aina zinazotumika kwenye tovuti kubwa, wakalinganisha na kazi ya roboti. Roboti zilikuwa na kasi zaidi, na kwa sehemu kubwa zilipata zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa ETH Zurich walitumia programu ya kutambua picha dhidi ya mafumbo ya reCAPTCHA, yaleyale ya taa na vivuko, ikayafumbua kwa asilimia 100. Na asiye na programu hiyo anaweza kukodi watu: tangu zamani kuna masoko yanayotoza dola chache tu kwa mafumbo 1,000 yaliyofumbuliwa. Mwenye nia mbaya na dola chache anaingia mara 1,000. Mama yangu wa kwanga, mwenye nia njema na megabaiti 200, hakuingia hata mara moja.

Sasa nije kwenye lile lililotufukuza mara ya pili, kwa sababu wengi wenu mnalifahamu na hamlisemi kwa wateja wenu. Ule ujumbe wa “mtandao wako umetuma maombi mengi” ulitupima kwa anwani ya IP, namba ambayo kwayo tovuti inamtambua anayeifungua. Anwani za aina ya zamani, IPv4, duniani ni bilioni 4.3 tu. Afrika nzima, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, iligawiwa kama milioni 120; Marekani peke yake ina zaidi ya bilioni moja. Basi mashirika yetu ya simu yanafanya ambalo lingefanywa na yeyote mwenye sahani moja na wageni wengi: yanawapanga maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani aliyeko Makiso, mchuuzi wa Mangobo, muuguzi wa Lubunga ng'ambo ya mto, na mimi hapa Bangboka, tukifungua tovuti yenu katika saa ileile mnatuona kama mtu mmoja mwenye pupa isiyo ya kibinadamu. Ni kama kuipa Kabondo nzima namba moja ya nyumba, kisha kuilaumu nyumba hiyo kwa wingi wa barua zake. Mwaka 2025 Cloudflare, mmoja wa walinzi wakubwa wa milango hiyo, walichapisha uchunguzi wao wenyewe wakionyesha kwamba anwani zinazotumiwa na wengi kwa pamoja hubanwa karibu mara tatu zaidi ya nyingine, ingawa roboti zinazotoka humo hazizidi za kwingine. Nawashukuru kwa kusema kweli hiyo hadharani. Nawaomba sasa warekebishe mizani.

Kuna jambo la uchungu zaidi katika habari ya anwani. Mwishoni mwa 2019 iligundulika kwamba anwani zaidi ya milioni 4 za Afrika zilikuwa zimechepushwa kutoka AFRINIC, ofisi iliyoko Mauritius inayotunza anwani za bara hili, kwa mkono wa mtu wa ndani. Ziliuzwa na kukodishwa nje, na sehemu yake ikaishia kwa warusha takataka. Miaka iliyofuata ofisi hiyo ikazama kwenye kesi juu ya anwani nyingine, mpaka Julai 2021 akaunti zake za benki zikazuiwa kwa amri ya mahakama. Yaani kidogo tulichokuwa nacho kiliibwa, kikatumika kuchafua dunia.

Na roboti zinazotuumiza kweli watu wa mashariki ya Kongo hazikusimamishwa na picha za mabomba. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walianika mtandao wa akaunti zisizopungua 464 kwenye X zilizokuwa zikiipigia debe serikali ya Rwanda na kuufunika mjadala wa vita vya huku kwetu. Zilikuwa zimetuma zaidi ya ujumbe 650,000 tangu Januari mwaka ule, nyingine zikiandikiwa na akili mnemba. Nilisoma habari hiyo kwenye kompyuta hiihii. Ujumbe 650,000 ulipita mlangoni, na ombi moja la binti mwenye vyeti halali likaitwa la mashine. Nimejaribu kulikubali jambo hilo nimeshindwa.

Mtauliza nilifanya nini na fomu ya wakulima. Nilijifunza kwa wavuvi. Hapa Kisangani, kwenye maporomoko, Wagenia husimika miti mikubwa katikati ya mkondo na kuning'iniza vikapu virefu vyenye mdomo mpana. Samaki anayesukumwa na nguvu ya maji anaingia mwenyewe. Mtu anayevuka kwa mtumbwi pembeni haulizwi kitu. Nami nikaongeza kwenye fomu kisanduku kimoja ambacho jicho halikioni. Mtu hakijazi kwa sababu hajui kipo. Roboti inasoma maandishi ya ndani ya ukurasa, inakiona, na kwa tabia yake inakijaza. Chochote kilichokuja na kisanduku hicho kimejazwa kilikwenda jalalani. Kisha nikapima muda: mteja wangu anatumia dakika mbili kuandika jina na namba yake, roboti inatumia chini ya sekunde moja. Takataka zikapungua kutoka mamia kwa siku hadi chache kwa wiki, nikawa nazifuta kwa mkono nikinywa chai. Mafundi wengi wanaujua mtego huu, nami sidai kuuvumbua. Unahitaji uangalifu mmoja: kipofu anayesomewa ukurasa na simu yake lazima aandikiwe kwamba kisanduku hicho akiruke, la sivyo tumemnasa yeye badala ya samaki.

Najua mtego wa kikapu hauzuii gharika. Julai 2023 wenzetu wa Kenya walishuhudia eCitizen, lango la huduma zaidi ya 5,000 za serikali, likielemewa na maombi ya uongo yaliyomiminwa makusudi na kikundi kilichojiita Anonymous Sudan. Siku kama ile huwezi kungoja kisanduku kilichofichwa. Unahitaji ukuta mkubwa na wataalamu wake. Lakini fomu ya udhamini ya chuo kimoja si eCitizen. Wengi wenu mnaweka ukuta wa gharika mbele ya mlango unaosumbuliwa na kuku.

Ninachoomba kinafanyika. Anzeni na mitego isiyomuuliza mtu kitu, na fumbo liwe la mwisho kabisa, kwa yule tu ambaye mwenendo wake ndani ya ukurasa umeleta shaka. Anwani yake pekee isitoshe kumhukumu. Ikibidi kumuuliza mtu, muulizeni jambo analoweza kulijua popote alipo. Msilifanye fumbo kuwa hesabu nzito ya kutafunwa na simu yake pia, kama baadhi yenu mlivyoanza: simu za hapa ni za bei ndogo, umeme unakatika, na kuchaji kwa mwenye jenereta ni pesa. Msitegemee namba za siri za SMS peke yake, maana hapa huja zikiwa zimechelewa au haziji kabisa. Na zaidi ya yote, nawasihi, msifute alichokwisha kuandika. Mkimshuku, lipokeeni ombi lake, liwekeni pembeni, mtu alisome kesho. Saa mbili za kazi zilipotea siku ile kwa sababu hakuna aliyefikiria kuhifadhi fomu kabla ya kuuliza juu ya mabomba.

Kwenu ARPTC na mashirika ya simu. Anwani za aina mpya, IPv6, zipo tangu kanuni yake ya kwanza ilipoandikwa mwaka 1995, na ni nyingi kiasi kwamba kila simu ya Kongo inaweza kupata yake na nyingi zikabaki. Nchini India, shirika la simu la Jio lilipoingia sokoni mwaka 2016 na mtandao uliojengwa juu ya IPv6, zaidi ya nusu ya watumiaji wa nchi hiyo wakawa na anwani hizo ndani ya miaka michache. Mmezisajili namba zetu za simu. Mwaka 2020 mlitutoza ada ya RAM, rejista ya vifaa vya simu, kwa kila simu, hadi dola 7 kwa mwaka, mpaka kelele za wananchi zikaiondoa mwaka 2022. Sheria ya kidijitali ya 13 Machi 2023 sasa iko mezani kwenu. Wekeni katika masharti ya leseni tarehe ya kila shirika kutupa anwani zetu wenyewe, na tarehe hiyo itangazwe kwa Kiswahili na Kilingala, si kwa Kifaransa peke yake.

Udhamini ule utafunguliwa tena mwaka huu. Binti amekaa mwaka mzima akiuza kwanga na mama yake, na jioni huja kusoma kwenye taa ya meza yangu. Vyeti nimevihifadhi vyote kwenye kompyuta, fomu nimeiandika upya pembeni, neno kwa neno, ili siku ikifika tunakili tu. Mama ameniambia watakuja saa kumi na moja alfajiri, kabla mtandao haujajaa watu. Nitakuwa nimeshachaji simu mbili. Tafadhali, tukibonyeza mara hii, tupokeeni.

Wenu,
Mwandishi wa fomu, barabara ya uwanja wa ndege, Bangboka